Kiunoni, Upande wa Kulia

Mume aliyeachana naye alipoanza kumfuatafuata mjini Tulsa, Twyla alikwenda kwenye duka la silaha pamoja na dada yake, Corinne. Alijaribu bastola kadhaa ndogo. Moja ilikuwa nyepesi, lakini kila alipofyatua ilimruka mkononi. Nyingine ilichomoza chini ya blauzi.

"Hiyo hata kipofu ataiona," Corinne alicheka. "Chukua hii bapa, mdogo wangu. Ivae kiunoni, upande wa kulia, ndani ya suruali."

Twyla aliichukua. Hakumwambia mtu mwingine yeyote, hata mama yao.

Jumapili, Twyla akiwa anakaanga mayai, Dwayne, yule mume wa zamani, alimpigia simu. "Nasikia siku hizi unatembea na kitu kiunoni, kulia. Unataka kuniua, mpenzi?"

Twyla alizima jiko, akampigia dada yake.

"Alikuwa analia, Twyla," Corinne alisema. "Nilimwonea huruma. Bado ni shemeji yangu."

"Na mimi je, ni nani wako?"

Mwezi uleule Twyla alihama, wala hakumwambia dada yake alikohamia.