Hatua za Bibi katika Shajara ya Babu

Saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi, bibi mdogo, mdogo wake bibi yangu, alifungua mlango akiwa na kisu cha kumenyea viazi mkononi. Nilimpa shajara ya marehemu babu, seremala, aliyekuwa shemeji yake, pamoja na jedwali nililochapa katika chumba cha nyaraka ninachokisimamia.

Jedwali lilikuwa na siku sitini na mbili. "Mke wangu, hatua 11." "Hatua 19, mlango wa jikoni." "Amefika getini. Nimemrudisha. Funguo ninazo mimi." Wiki mbili kabla nilikuwa nimemsomea mama mistari hiyo na kumwambia kwamba baba yake alimfungia mkewe ndani. Mama alikuwa na mwaka mmoja shajara ilipoandikwa. Alisema tu hajui sasa miaka yote alikuwa akimlilia nani. Nilikuja kwa bibi mdogo kutafuta uthibitisho.

Alivaa miwani, akapekua.

"Na hii mbona umeiruka?"

Ukurasa wa kumi na nne: "Mninga. Vipande viwili, futi tatu na inchi nane. Kitambaa juu."

"Hiyo ya karakana, bibi. Kazi zote nimeziondoa."

"Karakana! Magongo ya dada yangu hayo, we profesa. Alipomzaa mama yako miguu iligoma, karibu mwaka mzima yuko kitandani. Shemeji ndiye aliyemfundisha kutembea. Mimi nimeshika huku, yeye kule, anahesabu kwa sauti mpaka majirani wanahesabu naye."

"Na funguo?"

"Alitoka peke yake akaanguka barabarani, meno mawili yakaenda. Ungekuwa wewe ungeacha geti wazi?" Akacheka. "Ila alikuwa bahili wa maneno, jamani! Barua ya posa iliandikwa mistari miwili, mmoja ni vipimo vya kitanda."

Sikucheka. Kazini mimi huwarudisha watafiti wanaochagua kurasa zinazowafaa tu. Na shahidi wangu, bibi mdogo, anaishi vituo viwili vya basi kutoka nyumbani kwangu.

Saa nne kasorobo nilimpigia mama. Nilimsomea ukurasa wa kumi na nne, kisha maelezo ya bibi mdogo, bila kuongeza kitu. Mama akauliza, kabla ya kumpelekea habari ile, nilikuwa nimemuuliza nani.

"Hakuna, mama."

"Mpe simu mama mdogo."

Nilimpa bibi mdogo simu.