Kwa Hiari Yangu

Fundi cherehani alikuwa akipiga pasi kola za sare, na Kidoti, bintiye wa miaka kumi, akifanya hesabu za kugawanya kwenye kona ya meza, tarishi wa ofisi ya elimu alipoleta barua. Mzazi anayemfundisha mtoto nyumbani bila kibali ajieleze ofisini leo kabla ya saa nane, la sivyo atapelekwa mahakamani.

Foleni iliwafikisha mbele ya karani saa nane kasorobo. Fundi alimwaga mezani kila alichonacho: madaftari, ratiba, cheti cha daktari kuhusu kifafa cha Kidoti. Miezi miwili nyuma Kidoti alianguka darasani, na mwalimu mkuu akamrudisha nyumbani na begi lake. Hakuandika hata mstari mmoja. Watu wa aina hiyo mdomo mwepesi, kalamu nzito.

"Mama, sheria haikatazi kufundisha nyumbani," karani alisema. "Inataka vitu vitatu. Ratiba unayo. Mwalimu ni wewe, sekondari umemaliza, sawa. Imebaki fomu hii tu."

Fundi akaisoma. *Nimemtoa mwanangu shuleni kwa hiari yangu.*

"Sikumtoa mimi. Walimfukuza."

"Shule hairuhusiwi kumfukuza mtoto kwa ugonjwa. Kwa hiyo hakufukuzwa."

"Kaka, nilimpokea mlangoni mwenyewe, analia."

"Basi lete barua ya mwalimu mkuu inayosema hivyo."

"Ajiandikie kosa lake?"

Karani alitazama saa ya ukutani. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomuudhi fundi zaidi. Ungedhani anamuuzia vifungo.

"Bila kibali, mama, mtoto hatafanya mtihani wa mwisho. Na wewe utakwenda kumweleza hakimu. Saini, yaishe."

Zilibaki dakika tano. Fundi alitamani kuirarua ile karatasi na kumtupia usoni. Lakini maji yalikuwa shingoni, na mtoto yuko pembeni. Akasaini. Karani akagonga muhuri, akampa kibali na kumwita aliyefuata.

Kidoti alikuwa ameyasoma yote akichungulia begani mwa mama yake. Walipofika kwenye ngazi akasimama.

"Mama, umeandika wewe ndiye uliyenitoa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi nirudishe."

Fundi alikikunja kile kibali mara nne. Kisha akamwambia afunge kamba za viatu vyake, ingawa zilikuwa zimefungwa.