Mufereji wa Watu wa Petroli

Mama Agathe alikuwa akijisifu kwamba Lubunga nzima hakuna mwanamke aliyekijua kijito chao kama yeye. "Hata nikifunga macho, najua kila jiwe," alisema, kisha akaongeza mwenyewe: "Maana nimeshaanguka juu ya yote."

Tangu watu wa petroli wafyeke msitu kule juu, hakukijua tena. Walitafuta mafuta chini ya ardhi. Hata ya kukaangia samaki hawakupata, lakini mashine zao zilikanyaga udongo mpaka ukawa mgumu kama ukuta. Zamani msitu ulikunywa mvua polepole, ukakigawia kijito kidogo kidogo. Sasa jua likiwaka, kijito kilikuwa uzi tu. Mvua ikinyesha, maji yote yalishuka mara moja, mekundu, yakibeba magogo.

Alhamisi yalishuka yakambeba Pélagie, dada ya marehemu mume wa Agathe, akiwa majini anatoa muhogo wao waliouloweka. Walimwokota kesho yake, kijito kinapoingia mtoni.

Jumamosi, kwenye matanga, Lambert, ndugu ya Pélagie, akasimama, akamtazama shemeji yake mkubwa.

"Yaya Agathe, kila siku mulikuwa munaenda kijitoni na Pélagie, wote wawili. Alhamisi ukabakia nyumbani. Nani alikuambia ubakie?"

"Goti langu, Lambert. Liulize, linasema mingi kunishinda."

Hakuna aliyecheka.

"Mulozi hakosi goti la kuuma," sauti ikatoka nyuma.

Agathe akaelewa: walikuwa wakimwita mchawi. Leo hii wangemfukuza nyumbani kwa marehemu, wakatupa sufuria zake barabarani. Na aende wapi? Kwao Opala hakubaki hata wa kumfungulia mlango.

"Mvua ya Alhamisi ilikuwa ndogo," akasema. "Wale wazungu wa petroli wamefungua ule mufereji wao wa kukusanya maji, wakayatupia kwetu."

Papa Sefu, chef, mkuu wa mtaa, akakohoa, beji ya chama ikang'aa kifuani.

"Mufereji gani? Miye sijasikia mambo ya mufereji. Wangefungua, si ni miye wangeniambia wa kwanza? Hapana, mama. Maji haipandi vile bila mutu."

Vichwa vikatikisika kumkubali. Chakula kikaletwa. Asha, mke wa Sefu, ambaye kwanga zake, mikate ya muhogo, ziligombaniwa pale bac, kivuko cha mtoni, inapofika, akamwekea Agathe moja. Agathe akamega, akatafuna, akaacha. Ndani ilikuwa ngumu, chungu. Muhogo hulala majini siku tatu, uchungu utoke. Hata mwehu anajua.

"Asha mwanangu, muhogo wa hii kwanga ulitoa siku gani?"

"Jumatano, mama."

"Si tuliweka sisi wote Jumatatu? Weye, fundi wa kwanga, siku mbili tu?"

Asha akawaka kwa haya. Jina la kwanga zake lilikuwa likizama mbele ya watu.

"Si miye, mama! Nilimukatalia. Nikamuambia, papa Sefu, muhogo haijaiva. Akasema toa mbio, kesho wazungu wanafungua mufereji, wamenituma nijulishe watu wo..."

Akajiziba mdomo.

Lambert akaweka sahani yake chini, taratibu, akamgeukia Sefu.

"Chef. Walikutuma ujulishe nani?"

"Bon," Papa Sefu akasema. "Alors..." Akatazama mlango. Watu walikuwa wameshasimama wakiuziba.