Ngoma za Upande wa Kushoto

Sikio la kushoto la Masalu lilikufa katika duara moja, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Segese, siku baruti ilipolipuka kabla watu hawajamaliza kupanda. Alitoka akiwa na vumbi mwili mzima, akamshukuru Mungu, akanawa, akala, na kesho yake akagundua kwamba upande mmoja wa dunia umenyamaza. Hakumwambia mtu. Mkewe alijua, kwa kuwa ndiye aliyelala upande huo, na baada ya majuma kadhaa ya kuzungumza peke yake alihamia upande wa pili wa kitanda bila kuuliza chochote.

Siri hiyo ilikuwa na sababu yake. Masalu alikuwa manju, yaani mtunzi na mwimbaji mkuu, wa kundi la ngoma la Wagika wa Ngokolo. Manju mwenye sikio moja angeendelea kuheshimiwa na kupewa kiti cha mbele, lakini wimbo angeuanzisha mtu mwingine. Kwa hiyo alijizoeza kukaa kwenye ncha ya kushoto ya benchi ili wenzake wote wawe kuliani kwake, na kuitikia kwa kichwa maneno ambayo hakuyasikia. Watu walimwona ameongezeka busara.

Mwezi wa saba, pamba ilipokwisha kuuzwa, kundi lake lilishindana na kundi la Maganga huko Mhunze. Mashindano hayo hayana majaji. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji huenda wanakovutiwa; anayebaki na watu wengi ameshinda. Siku ile watu walianza kuondoka mbele ya Masalu wimbo wa pili ukiwa haujaisha, na hawakurudi. Baadhi ya wenzake walisema Maganga alifukia dawa ya mvuto uwanjani. Husemwa hivyo na wanaoshindwa. Wanaoshinda husema walifanya mazoezi.

Masalu hakuwa mtu wa dawa. Alisema kosa lilikuwa la ngoma. Januari, mpwa wake na mpigaji mkuu, alipiga kinyonge, na waimbaji wakakosa pa kushika. Alilisema jambo hilo kwa moyo safi, kwa sababu siku ile ngoma zilimfikia kama zinapigwa kijiji cha jirani. Januari na wenzake walikuwa wamepangwa kushotoni kwake.

Mwenyekiti wa kundi alikuwa Rebeka, ambaye wote walimwita Mama Abel. Alikataa kumwondoa mtu kwa maneno matupu. Kama ngoma zilikuwa dhaifu, alisema, Januari atazikabidhi kwa mwingine. Kama hazikuwa dhaifu, lawama itafutiwe mwenyewe. Ushahidi ulikuwepo. Eliya, mwenye studio ndogo hapo Ngokolo, alikuwa amesimama katikati ya uwanja siku ile na vinasa sauti vidogo viwili masikioni mwake, kundi la Masalu likiwa kushotoni na la Maganga kuliani.

Wakakutana studio siku ya Jumapili, baada ya ibada. Eliya alitaka Masalu avae hedifoni.

“Mimi si kijana wa bodaboda,” Masalu akasema. “Weka kwenye spika.”

Alikuwa na hesabu yake. Hedifoni huyatenga masikio, lakini redio hailitengi hata moja. Yote yanayotoka humo yangeingia katika sikio lililobaki.

“Spika zipo,” Eliya akajibu, akisogeza mbili zikae karibu karibu juu ya meza. “Tena nimepata programu ya bure inayofaa kazi hii hasa.”

“Ya bure?” Rebeka akauliza.

“Ya bure, mama.”

“Cha bure hakifanyi kazi. Hata mbegu za bure tulizilipia kwa kusimama juani.”

Eliya aliinama kufunga waya, kisha akaeleza akiwa amesimama kando ya kiti alichokalia Masalu. “Spika za kawaida huvuja. Ya kushoto inalenga sikio la kushoto, lakini na la kulia linaisikia. Programu hii inatuma kwenye spika ya pili sauti iliyogeuzwa, inakutana na ule mvujo na kuuzima. Kila sikio linabaki na la kwake. Ila lazima ukae hapa hapa katikati, na usigeuze kichwa.”

Masalu akaitikia kwa kichwa. Eliya alikuwa amesimama kushotoni kwake, na maneno ya mwisho tu ndiyo yaliyomfikia.

“Umeelewa, Baba Asteria?” Rebeka akamuuliza kutoka kuliani kwake.

“Nikae katikati.”

“Basi anza wewe. Sisi huku pembeni tunasikia vurugu tu.”

Januari alisimama mlangoni, amekunja mikono. Hakuwa amemsalimia mjomba wake kwa zaidi ya shikamoo inayotakiwa.

Sauti ilipoanza, spika zilitoweka. Hazikuonekana tena kuwa ndizo zinazosema. Kuliani kwa Masalu palikuwa na uwanja wa Mhunze: njuga za Maganga, miguu ikikanyaga udongo mkavu, mwanamke akipiga vigelegele karibu kiasi cha kuguswa. Kushotoni hapakuwa na kitu. Wala ngoma, wala kiitikio, wala sauti yake mwenyewe. Alingoja ubeti wa kwanza uishe, akangoja wa pili.

“Simamisha,” akasema. “Hazipo.”

“Hazipo kabisa?” Rebeka akauliza.

“Kabisa. Kama hatukwenda.”

Eliya akakunja uso, akaitazama kompyuta yake. “Haiwezekani, mzee. Labda ungesikiliza tena.”

“Manju amesikiliza,” Rebeka akasema. “Nikikaa mimi hapo baada yake, nitakuwa nimemwita mwongo mbele ya mpwa wake. Januari, umesikia.”

“Nimesikia, Mama Abel. Mjomba hata angeambiwa asikilize radi, angesema ni mimi niliyeipiga kinyonge.”

“Chunga mdomo.”

“Nimeuchunga tangu mwezi wa saba.”

Eliya, ambaye hakupenda chombo chake kihukumiwe hivyo, akairudisha sauti mwanzo ili kukijaribu tena. Masalu akabaki kitini, mtu aliyekwisha kushinda. Njuga za Maganga zilikuwa zimeanza tena kuliani wakati Noela, mke wa Eliya, alipoingia na birika la chai, akapiga goti kidogo.

“Shikamoo, baba.”

Kumwitikia mtu bila kumtazama ni kumtukana, na Masalu hakuwa mtu wa matusi. Akageuza kichwa.

“Marahaba, mama.”

Ngoma zikalipuka. Zilitoka kote, nzito, zimeshikana, pamoja na kiitikio na vumbi lake. Akarudisha uso mbele, zikazimika kana kwamba mlango umefungwa. Akageuka tena, safari hii bila kisingizio cha salamu. Zikarudi.

Alielewa pale pale: ngoma zilikuwa zikipelekwa kwenye sikio lililokufa. Alielewa pia kwamba hakuna mwingine aliyeelewa. Rebeka alikuwa akipokea kikombe. Januari alikuwa ameshatoa fimbo za ngoma kwenye mfuko na kuziweka juu ya benchi, mahali ambapo mpigaji mpya angezikuta. Kilichotakiwa ni kunywa chai tu.

“Eliya,” akasema. “Geuza kiti. Nitazame ukutani.”

“Itaingia kinyume, mzee. Ya kushoto itakwenda sikio la kulia.”

“Ndiyo hiyo ninayoitaka.”

Rebeka akashusha kikombe. Kiti kikageuzwa, spika zikabaki mgongoni, na Eliya akaanza upya.

Sasa Maganga hakuwepo. Ziliingia ngoma za Januari, imara, na hazikuwa na unyonge wowote. Kisha ikaingia sauti ya Masalu, nyuma yake. Haikuwa nyuma sana. Ilikuwa nyuma kama mtu anayekimbilia gari lililokwisha kuondoka. Waitikiaji walisita, nusu wakafuata ngoma, nusu wakamfuata yeye. Ngoma zikapunguza mwendo zimngoje. Alipozifikia aliongeza kasi na kuzipita, nazo zikamfuata tena. Hakuna kundi ambalo lingesimama wima katika hali ile.

“Zipo,” akasema. “Januari, chukua fimbo zako.”

Januari hakusogea. “Mbona ulisema hazipo?”

“Sikio la kushoto halifanyi kazi. Tangu Segese.”

Januari akatoka mlangoni, akaja kuliani kwa mjomba wake.

“Sisi tulidhani unatudharau,” Januari akasema. “Tunakupigia alama ya kubadili, hutazami. Nikasema mjomba amekuwa mkubwa.”

“Ungeniuliza.”

“Ungejibu?”

Masalu akatikisa kichwa, na mara hii alikuwa amesikia.

Rebeka aliweka kikombe chini. “Baba Asteria, nyimbo utaendelea kutunga wewe. Kuanzisha uwanjani ataanzisha Mbuke, yule wa kwenye kiitikio.”

“Mbuke hajui kushusha ubeti.”

“Utamfundisha. Masikio anayo.”

Januari akazichukua fimbo, akazirudisha mfukoni.

“Nizime?” Eliya akauliza.

“Acha,” Masalu akasema.

Alitaka kufika pale watu walipoondoka. Alikaa akitazama ukuta, chai ikipoa mkononi, mpaka wimbo wa pili ulipoanza kulegea. Kwanza alisikia mtu mmoja akicheka na kumwita mwenzake. Halafu viatu, halafu ndala nyingi zikiburuzwa, zikija kutoka upande wake, zikipita karibu kabisa na pale Eliya aliposimama uwanjani siku ile, na moja baada ya nyingine zikivuka kwenda upande wa Maganga, asikoweza kuzifuata.