Mwambie Abaki

Mameneja wa klabu nyingine walipomuuliza siri yake, yeye aliwajibu kwamba hana siri, anajua kukaa tu. Walidhani anawatania. Wao walijua kukimbia: kukimbilia mawakala, kukimbilia viwanja vya ndege, kukimbilia vyumba vya hoteli ambako mikataba husainiwa huku kila mtu akitazama saa. Yeye alikwenda nyumbani kwa mchezaji, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa hata kama mguu mmoja wa kiti ulikuwa mbovu, akanywa chai hata kama imepoa, na akasikiliza. Alimsikiliza mama akilalamikia goti la mwanawe. Alimsikiliza baba akieleza kwamba yeye mwenyewe angekuwa mchezaji mkubwa kama si fitina za watu. Mwisho kabisa ndipo naye aliposema lake, kwa maneno machache, na alilolisema ndilo lililokuwa.

Ndiyo maana wachezaji walimwita Kauli. Karatasi zilikuja baadaye, wakati mwingine baadaye sana, na hakuna aliyekosa usingizi. Wapo walioacha timu zenye majina makubwa wakaja kwake kwa sababu tu aliwaambia watacheza. Na alipomwambia mtu kwamba hatacheza tena, mtu huyo aliumia, lakini alimpa mkono. Vile vikombe vilivyojazana kwenye kabati la mwenyekiti, ukitaka ukweli, viliingilia mlango huo. Kocha alipanga timu, sawa, hatumnyimi haki yake. Lakini timu yenyewe ilipatikana sebuleni mwa watu.

Mwenyekiti alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Ndiye aliyemwita kazini wakati klabu haina hata mipira ya kutosha ya mazoezi. Miaka yote hiyo hawakuwahi kugombana zaidi ya kununiana kidogo baada ya kufungwa, na Jumapili walikaa meza moja wakichekana vitambi. Kauli alimwamini shemeji yake kama unavyoamini kwamba ukirudi jioni utaikuta nyumba yako mahali pake. Hilo mtu halifikirii hata kidogo.

Basi kulikuwa na kipa. Jina lake la uwanjani lilikuwa Komeo, kwa sababu siku akiamua kufunga lango, limefungwa. Alikuwa amesimama langoni misimu mingi. Vidole vyake viwili vilikuwa vimepinda, bega la kushoto lilimsumbua kukiwa na baridi, na ndevu zake zilianza kuota mvi alizokuwa akiharakisha kuzinyoa asubuhi kabla wenzake hawajapata la kutania. Mkataba wake uliisha pamoja na msimu. Dirisha la usajili likiwa linakaribia kufungwa, mahasimu wao wa upande wa pili wa mji wakamletea mkataba wa misimu miwili. Kwa kipa wa umri ule, huo ulikuwa mkataba wa mwisho wa maana maishani mwake. Hakuhitaji mtu wa kumweleza.

Akampigia Kauli simu, na Kauli akaenda nyumbani kwao kama kawaida yake.

Komeo aliishi na mama yake. Mama huyo, tangu siku ya kwanza Kauli alipokuja kumsajili mwanawe, alimwita kaka, na kwa kuwa mama amepata kaka, mwana naye akawa amepata mjomba. Uwanjani Komeo alisema "meneja" kama wengine. Akivuka kizingiti cha nyumba yao, ni mjomba, na mjomba alikuwa na kiti chake, kile cha karibu na dirisha chenye mto mwekundu.

"Mjomba, sema tu," Komeo alisema. "Niende au nibaki? Ukisema niende, naenda, wala hutaniona nimenuna."

"Nipe mpaka kesho."

Kesho yake Kauli alimkuta shemeji yake ofisini akimenya chungwa. Alikuwa na mtindo wa kulimenya kwa kisu kidogo bila ganda kukatika, na ukimsemesha katikati ya kazi hiyo hakuinua macho.

"Shemeji, kipa anataka kujua."

"Mwambie abaki."

"Kweli?"

"Misimu miwili. Na siku akitundika glavu, tunampa makipa wadogo awafundishe. Mwambie hivyo hivyo."

"Na mkataba wenyewe?"

"Mwanasheria amebanwa na mikataba ya wale wachezaji wa kigeni. Utakuja." Shemeji akacheka. "Tangu lini wewe ukasubiri karatasi? Umeanza uzee nini?"

Kauli naye akacheka. Alitoka pale moyo mweupe, kwa sababu mara nyingi kazi yake ilikuwa kuwapelekea watu wazima habari za kuwaliza, na safari hii alikuwa amebeba habari njema. Alipitia hata dukani akamnunulia mama wa kipa sukari.

Nyumbani kwa Komeo alikaa kwenye kiti chake, akayasema yote kama alivyoyapokea, misimu miwili na makipa wadogo. Mama akashika mikono yake yote miwili, akamwita kaka yangu, kaka yangu, mpaka Kauli akaona haya. Komeo hapo hapo akawapigia simu wale mahasimu, akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Nashukuru sana, mkuu, lakini mimi nabaki."

"Umeshasaini?" sauti iliuliza.

"Nimeambiwa."

"Kuambiwa si kusaini, kaka. Nani kakuambia?"

Komeo alimtazama Kauli, akatabasamu. "Kauli."

"Basi hapo siwezi kushindana," ile sauti ikasema, na simu ikakatwa.

Nani asingefurahi? Adui anakiri mbele ya mashahidi kwamba neno lako lina uzito kuliko mkataba wake. Kauli alirudi nyumbani amevimba kichwa, na mkewe alipomuuliza anatabasamia nini, alisema hakuna.

Siku ya mwisho ya dirisha shemeji alimwomba asafiri kwenda kukagua kambi ya maandalizi. Palikuwa mbali, barabara mbovu, lakini Kauli alipenda kazi hizo. Alipapasa nyasi za uwanja kwa mkono, akawagombeza watu wa kambi kwa vitanda vifupi ambavyo mabeki wake wangelala miguu ikining'inia, akala huko, akalala huko. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Hakuona ajabu yoyote.

Aliporudi alipitiliza moja kwa moja uwanjani, akaingia chumba cha kubadilishia nguo. Mtunza vifaa alikuwa akitundika jezi za mazoezi, na alipomwona Kauli aligeukia ukuta, akawa anatundika jezi ambayo alikuwa ameshaitundika. Kwenye ndoano ya karibu na mlango, ndoano ya Komeo, zilining'inia glavu mpya bado zimo kwenye nailoni yake. Chini yake aliketi kijana mrefu akifunga kamba za viatu. Kijana aliinuka haraka, akatoa mikono yote miwili.

"Shikamoo, meneja. Mimi ndiye kipa mpya. Nimefurahi kukuona, nimesikia sifa zako nyingi."

"Marahaba. Karibu," Kauli alisema, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umezoea adabu. Kisha miguu ikampeleka juu, ofisini kwa mwenyekiti, hata hakumbuki ngazi.

Shemeji alikuwa na chungwa jingine mkononi.

"Kaa, shemeji."

"Nimekaa vya kutosha. Yule chini ni nani?"

"Ni kipa. Tulimalizana naye jana." Shemeji aliweka kisu chini. "Sikiliza, usinipandishie sauti. Komeo amekwisha. Bega lile wewe unalijua kuliko mimi."

"Amekwisha, na mimi umenituma nikamwambie abaki?"

"Amekwisha kwetu. Kwao angefufuka. Mechi ya kwanza ya msimu ni sisi na wao. Ulitaka nimwone kwenye lango lao, na anajua kila mpigaji wetu wa penalti anapendelea upande gani? Nilihitaji asiende mpaka dirisha lifungwe. Limefungwa. Wao wenyewe wamechukua kipa mwingine. Biashara imekwisha."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekwenda kumwambia abaki?"

Kauli alitazama kisu pale mezani.

"Unaona? Na hata ungekwenda, angekusoma. Wewe hujui kudanganya, shemeji yangu. Ukijaribu, unakuna shingo. Dada yangu alishaniambia. Sasa ili wewe useme uongo ukubalike, lazima kwanza wewe mwenyewe uuamini." Alisema haya bila aibu, kwa upole kabisa, kama anayemsifia mtu koti. "Unajua klabu hii inafanikiwa kwa nini? Si kwa ajili yangu. Si kwa kocha. Ni wewe. Watu wanakuamini. Kitu kama hicho unakiacha kikae bure?"

Kumbe. Hasira ilimjaa Kauli mpaka masikio yakaziba, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, aibu, aibu ya mtu aliyezungushwa mjini kama chambo huku akijidhani ni mvuvi. Macho yake yalikwenda kwenye kabati la vikombe. Akamkumbuka winga mmoja. Kwa kutumwa na shemeji, alimwambia aende klabu nyingine kwa mkopo msimu mmoja, atarudishwa. Hakurudishwa, na shemeji akamwambia Kauli kwamba winga mwenyewe ndiye aliyekataa kurudi. Tangu hapo winga yule akikutana naye hupita kando bila salamu, na Kauli siku zote alijisemea kwamba umaarufu umemharibu.

"Ni mara ya ngapi?" aliuliza.

Shemeji alichukua kitambaa, akafuta vidole, kimoja kimoja.

"Haya mambo tusiyapeleke nyumbani," alisema. "Dada yangu ana presha."

Jibu likawa hilo. Kauli alitoa ufunguo wa ofisi yake mfukoni, akauweka mezani juu ya maganda ya chungwa.

"Hizo ni hasira. Utarudi kuuchukua."

"Nakwenda kumwambia Komeo mwenyewe."

"Ndiyo, nenda!" Shemeji alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. "Ukienda wewe atapokea vizuri."

Katika yote aliyosikia siku hiyo, hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alisimama mlangoni akiwa anatumwa tena, kazi ile ile, na mtu yule yule. Angekataa, nani angekwenda? Angesubiri, Komeo angesikia redioni. Akaenda.

Alitembea kwa miguu, kwa sababu gari lilikuwa la klabu. Jua lilikuwa kali na shati lilimganda mgongoni. Komeo alimfungulia mlango kabla hajabisha.

"Mjomba! Afadhali umekuja. Simu haijapoa tangu asubuhi. Waandishi, marafiki, kila mtu anasema mmesajili kipa na mimi nimeachwa." Alikuwa akicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Nimewaambia wote ni waongo. Nimewaambia hilo nitaliamini siku nikilisikia kwa mjomba."

Mama alikuwa ameshaupiga piga mto mwekundu na sasa alikuwa akimimina chai. "Kaka, kaa basi. Mbona umesimama kama mgeni?"

Hakukaa. Alijua akikaa kwenye kiti kile hataweza.

"Ni kweli," alisema. "Umeachwa. Mkataba haupo, na haukuwahi kuwepo."

Chai iliendelea kumiminika mpaka ikafurika kwenye sahani, ndipo mama alipoinua birika.

"Lakini ulisema," Komeo alisema, taratibu.

"Nilisema."

"Kwenye kiti chako hicho. Nikawapigia simu unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Na wao wameshachukua kipa." Komeo aliangalia mikono yake, vidole vile vilivyopinda. "Ulijua?"

"Sikujua, mwanangu."

Hakuwahi kusema neno la kweli kuliko hilo. Lakini jasho la njiani lilikuwa likimteremka nyuma ya sikio, na kabla hajajitambua mkono wake ulikuwa shingoni, unakuna. Aliusimamisha. Alikuwa amechelewa. Komeo maisha yake yote alikuwa na kazi moja, kumsoma mtu kabla hajapiga mpira, na alikuwa akimtazama.

"Walinidanganya na mimi," Kauli alisema, na alijisikia mwenyewe jinsi inavyosikika. "Shemeji yangu. Nimeacha kazi leo. Nimemrudishia ufunguo."

"Sawa," Komeo alisema.

"Komeo, nakwambia kweli."

"Sawa. Nimesikia."

Alisema kwa upole, kama mtu mzima anavyomwitikia mlevi ili aondoke salama. Kauli aliujua upole ule. Alikuwa ameshauona kwenye nyuso za watu wengi walipokuwa wakiongea na mameneja wengine, na kila mara alishukuru kwamba yeye hakuwahi kutazamwa hivyo. Alimgeukia mama. Mama alikuwa akifuta chai iliyomwagika mezani, na hakuinua uso.

"Mwanangu," alisema, "msindikize mgeni."

Komeo alimsindikiza mpaka nje, kwa adabu zote. Alimsogezea viatu, akasubiri avivae, akamfungulia geti.

"Asante kwa kuja, meneja," alisema.