Uwanja Wenye Magoli Manne

Kitu cha kwanza alichokiona Dada Chokaa asubuhi ile kilikuwa kivuli. Kivuli chembamba, kirefu, kimejilaza juu ya mstari wake wa pembeni bila wasiwasi. Jana jioni alipomaliza kuchora uwanja, mahali pale hapakuwa na kitu cha kutupa kivuli, na yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuondoka. Akainua macho. Mbele yake lilisimama goli la chuma, jipya, limepakwa rangi nyeupe hadi linang'aa. Goli zuri, halina kasoro. Ila lilisimama pale mstari wa kati unapokutana na mstari wa pembeni, mahali ambapo goli halina kazi yoyote duniani.

Akageuka. Ng'ambo ya pili, kwenye ncha nyingine ya mstari uleule wa kati, lilisimama goli la pili, linalitazama la kwanza.

Mistari imelala huku, magoli yamekaa kule. Ungedhani ni shati ambalo fundi amelishona vizuri kabisa, kisha mikono akaiweka mmoja kifuani na mwingine mgongoni.

"Mama yangu," alinong'ona. Kwa Dada Chokaa, hiyo ilikuwa sauti kubwa.

Jina hilo alipewa na watoto, kwa sababu yeye ndiye aliyechora mistari ya chama cha michezo cha vijana, na vidole vyake vilikuwa vyeupe siku zote. Kusema mbele za watu hakuweza. Alikuwa na kaka yake wa kumsemea. Kaka huyo ndiye kiongozi wa chama, na alikuwa na koo ambalo lingeweza kusimamisha gari. Watu walimwita Spika. Dada Chokaa akiwa na neno alimnong'oneza Spika, na Spika alilirusha hewani hadi ndege waliruka. Kwa hiyo mtaa mzima uliamini kwamba Spika ana akili nyingi sana.

Leo kulikuwa na jambo lililomnyima usingizi. Timu ya wasichana wadogo, aliyokuwa akiifundisha kwa kujitolea, ndiyo iliyopangiwa kucheza mechi ya kwanza kwenye uwanja huu. Wasichana hao walikuwa bado hawajacheza mechi hata moja. Kila walipofika na viatu vyao mkononi, wavulana wakubwa walikuwa wameshauchukua uwanja, na mtu mzima mmoja alisema, "Wiki ijayo." Mvua ikinyesha, wiki ijayo. Jua likiwaka, wiki ijayo. Dada Chokaa aliyajua maneno hayo hadi harufu yake. Yeye mwenyewe aliambiwa hivyo tangu akiwa mdogo, hadi viatu vikambana, hadi akawa mtu mzima, hadi wakampa ndoo ya chokaa ili naye awe na cha kufanya. Akaapa moyoni kwamba wasichana wake watacheza leo, liwe liwalo.

Na sasa magoli yalikuwa yamekaa upande.

"Umeyaona, binti yangu?"

Alikuwa Mzee Bomba, mkuu wa watunza bustani wa tume ya bustani za jiji, anakuja na uso umechanua. Jina la Bomba lilitokana na bomba la kumwagilia maua, ambalo kwa miaka mingi alilitumia zaidi kuwamwagilia watoto. Watoto nao walikuwa waking'oa vibao vya "Usikanyage Nyasi" na kuvifanya nguzo za goli. Ulikuwa ugomvi mkubwa, wa kukimbizana na kutupiana maneno, hadi tume na chama walipokaa chini na kupatana: tume itatoa kiwanja ndani ya bustani na magoli, chama kitaleta watoto, walimu na mistari. Tangu siku hiyo pande zote mbili ziliingiwa na adabu ya kutisha. Kikao cha mwisho kilikuwa cha kushukuriana tu. "Uwanja uelekee wapi?" aliuliza Spika. "Ninyi ndio wachezaji, mnajua wenyewe," alijibu Mzee Bomba. "Hapana, Mzee, ninyi ndio wenye ardhi." "La hasha, ninyi." Wakapeana mikono, wakaagana wakicheka, na swali likabaki limekaa kwenye kiti peke yake.

"Yamenyooka, sivyo?" aliuliza Mzee Bomba.

"Yamenyooka, Mzee," alisema Dada Chokaa, kwa sababu kweli yalikuwa yamenyooka.

"Mashimo tulishayajengea siku nyingi, tukayafunika, juu tukatandaza nyasi asije mtoto akatumbukia. Alfajiri ya leo tumekuja kuchomeka milingoti tu. Twa! Twa! Kazi kwisha." Kisha akaitazama mistari, akakohoa kidogo. "Na mistari yenu nayo... mizuri sana."

"Mliiona alfajiri?"

"Tuliiona vizuri."

"Na hamkushtuka?"

"Tulishtuka! Lakini nikawaambia vijana wangu, hawa wenzetu wana utaratibu wao. Labda ndivyo mpira unavyochezwa siku hizi. Tusije tukaonekana tunaingilia."

Dada Chokaa alifunika mdomo kwa kiganja cheupe. "Mzee, mimi nilichora upande huu kwa ajili ya nyasi zenu changa, zile kule ukutani. Sikutaka kuzikanyaga."

Mzee Bomba akashika kifua. "Umezionea huruma nyasi zetu?" Machozi yakamlengalenga. "Miaka yote hii ya kazi, hakuna mtu aliyewahi kuzionea huruma nyasi zangu."

Basi wakabaki wamesimama pale, mmoja analia, mwingine anajizuia kucheka, na uwanja umekaa mshazari.

Spika alipofika na wachezaji wote nyuma yake, alitazama magoli, akatazama mistari, akatazama magoli tena. Wasichana walikuwa wameshavaa fulana zao za njano, na wapinzani wao, wasichana wa mtaa wa pili, walikuwa nyuma yao. Nahodha wao alikuwa binti wa Spika mwenyewe, mtoto mwembamba asiyetulia, aliyeitwa Kiroboto.

"Shangazi," aliuliza Kiroboto, "tunafunga wapi?"

Hapo ndipo adabu ilipowapanda watu kichwani.

"Kosa ni letu, wenzetu," alisema Mzee Bomba.

"Hata kidogo! Kosa letu sisi!" alinguruma Spika.

"Tafadhali, ndugu yangu, usitunyang'anye kosa letu."

"Mzee, nakuheshimu kama baba, lakini hili kosa simpi mtu!"

"Basi tunayang'oa magoli, sasa hivi!"

"Basi tunaifuta mistari, sasa hivi!"

Na kweli wakatawanyika. Watunza bustani walikimbilia goli, wakaikumbatia milingoti yake na kuanza kulitikisa. Vijana wa chama walikimbilia bomba, wakajaza ndoo, wakaanza kuosha mstari wa kwanza, chokaa ikageuka tope jeupe na kuwarukia hadi kwenye nyusi. Kila upande ulijitahidi kuushinda mwingine kwa wema. Dada Chokaa aliona wazi walikokuwa wakielekea: dakika chache zaidi, kutakuwa na uwanja usio na mistari wala magoli, na watu wanaoshukuriana.

"Acheni!" alisema, lakini ilitoka kama pumzi ya paka.

Kilichowasimamisha ni honi. Gari la tume lilikuwa limefika langoni, na Mama Mwenyekiti wa tume alikuwa anashuka, mama mnene, mwenye kofia pana na miwani mikubwa, aliyekuja kufungua uwanja rasmi. Wote wakaganda walipo. Mtunza bustani mmoja alikuwa bado amening'inia kwenye goli.

Mama Mwenyekiti aliutazama uwanja kwa muda. Akainamisha kichwa upande mmoja. Akakigeuzia upande wa pili.

"Ni mimi," aliuliza, "au ni miwani?"

Spika akajitosa. "Karibu sana, Mama! Kumetokea jambo dogo, halina uzito. Tumeshalitatua. Wavulana wakubwa wataanza wao, kwa magoli haya ya chuma. Wamezoea kucheza vichochoroni, hata mstari hawajui ni kitu gani. Na wasichana wadogo..." Akameza mate, maana alikuwa amemwona binti yake anavyomtazama. "Wasichana wadogo watacheza wiki ijayo."

Yakawa yametamkwa. Njano yote ikanywea. Kiroboto, ambaye hajawahi kutulia tangu azaliwe, alitulia. Akakaa chini, akaanza kufungua kamba za viatu.

Dada Chokaa alimvuta kaka yake mkono, akamnong'oneza. Spika hakusikia, alikuwa ameshaingia kwenye shukrani, na Spika akishaingia kwenye shukrani hatoki upesi. Akamvuta tena. Akamfinya.

"Ngoja, mdogo wangu, namshukuru Mama."

Kiroboto alikuwa amevua kiatu kimoja.

Dada Chokaa akapiga moyo konde. Masikio yalimwaka moto, na alipofungua mdomo hakujua kama kutatoka sauti au maji.

"Wacheze wote!"

Mtunza bustani aliyening'inia akadondoka.

"Nani kasema?" aliuliza Mama Mwenyekiti.

"Mimi, Mama. Shikamoo." Akavuta pumzi. "Wasichana wacheze kwa mistari. Magoli yetu ya mazoezi, yale ya plastiki, tunayaleta sasa hivi, tunayaweka huku na huku, kwenye ncha za mistari. Wavulana wacheze kwa magoli ya chuma, kule na kule. Mechi mbili. Pamoja. Leo."

"Watagongana!" alisema Spika.

"Watapishana. Kwani watu njia panda wanafanyaje?"

Mama Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, kofia ikafuata, na mwisho kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa cha kujipiga mapaja. "Mimi nimefungua bustani nyingi," alisema, akijipangusa machozi, "lakini hii sijawahi kuiona hata ndotoni. Leteni hayo magoli!"

Jamani, ilikuwaje mechi ile!

Marefa walikuwa wawili na filimbi mbili, na filimbi moja ikilia, watu wote wanasimama, halafu wanaulizana ni kosa la nani na la mechi ipi. Mipira miwili ilikutana kwenye duara la kati, ikagongana, ikabadilishana njia, na wavulana wakaenda na mpira wa wasichana hadi golini bila kujua. Wasichana wakaenda na wa wavulana. Wote wakafunga. Wote wakashangilia. Marefa wakashauriana kwa muda mrefu, kisha wakaamua kwamba yote ni halali kwa sababu yote ni mazuri.

Mvulana mmoja mrefu alijikuta katikati ya timu mbili za wasichana zinazokuja mbio kutoka pande zote, akakaa chini, akajifunika kichwa, akasubiri zipite. Kipa wa timu ya njano alikwenda kutafuta mpira kwenye vichaka vya maua, akakawia, na mtunza bustani mmoja akaingia golini mahali pake na buti zake za mpira, akadaka kwa kofia. Hakuna aliyepinga. Mzee Bomba alikuwa akikimbia nje ya uwanja kwa kasi ambayo hakuna aliyejua anayo, na kila mchezaji alipokaribia ukutani alipiga kelele, "Usikanyage ny..." kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili na kumalizia, "Kanyaga, mwanangu! Kanyaga tu!"

Mama Mwenyekiti alijaribu kuanza hotuba yake. Mpira ukampitia kichwani na kuondoka na kofia. Akaiokota kofia, akaukimbilia mpira, akaupiga kwa kiatu cha kisigino, ukaingia kwenye goli la chuma upande wa mashariki. Watu karibu wavunjike mbavu. Hotuba haikusomwa tena.

"Tunaongoza?" Kiroboto aliuliza akipita mbio.

"Sijui!" alijibu shangazi yake.

"Safi!" alisema Kiroboto, akapotea.

Dada Chokaa alikuwa amesimama nje ya mstari wa pembeni, vidole vya miguu vimeugusa, havijauvuka. Miaka yote aliichora mistari na kurudi nyuma, kama mtu anayetandika kitanda cha wengine. Alicheka hadi tumbo likauma. Wasichana wake walikuwa wanacheza. Si wiki ijayo. Waliteleza, wakaanguka, wakainuka na chokaa usoni, wakarudi.

Kisha msichana mmoja wa njano akachechemea hadi kwake. Goti limemchubuka, machozi na kicheko vimechanganyika. "Shangazi, siwezi tena. Tumepungua."

Timu haikuwa na mtu wa akiba. Dada Chokaa alitazama kulia na kushoto kutafuta mtu wa kumnong'oneza. Spika alikuwa mbali, amebebwa juu juu na wavulana bila sababu inayojulikana. Golini alikuwapo mtunza bustani. Kwenye kona, Mama Mwenyekiti alikuwa anavua viatu.

Akatazama miguu yake. Ikawa imeshauvuka mstari, haijamngoja.

Mwanzoni hakuna aliyemwona, kwa vile walizoea kumwona mahali popote na ndoo. Alikimbia kati yao, mwepesi, upepo umemjaa kwenye gauni, akafika mbele ya goli la plastiki peke yake, hakuna wa kumkaba. Kiroboto alikuwa na mpira pembeni, amezingirwa, anageuka huku na huku akitafuta fulana ya njano. Hakuiona. Na Dada Chokaa akajua kwamba mtu akisimama mahali pazuri namna ile akanyamaza, mpira utampita, na kesho ataichora mistari upya kwa ajili ya wengine.

Akainua mikono yake myeupe juu kabisa, na neno ambalo wachezaji wote wa dunia hulisema bila kufikiri, neno alilolimeza tangu utotoni, likamtoka hadi ndege wakaruka:

"Nipe! Nipe mimi!"