Leseni ya Ukutani

Mwalimu Breki alikuwa amekaa kiti cha abiria kwa miaka ishirini na nane. Ndiyo kazi ya mwalimu wa udereva: mwanafunzi anashika usukani, wewe unashika roho yako. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wake, naye aliikanyaga mapema sana, wakati mwingine injini ikiwa bado haijawashwa. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, na yeye akalipokea kama nishani.

Mke wake alikuwa mshonaji wa sare za shule, na wateja walimwita Fundi, basi. Mwaka huo, mtoto wa mwisho alipohamia kwenye nyumba yake mwenyewe, wawili hao walikata shauri kwenda kutembea ng'ambo siku kumi: miji minne, maziwa mawili na mlima mmoja wa kutazama kwa mbali, kwa sababu ya magoti. Tiketi za ndege zilikuwa tayari. Kilichobaki ni kumjibu binti wa wakala wa safari, kabla ya Ijumaa, kama wakifika huko watazunguka kwa treni au kwa gari la kukodi.

"Gari," alisema Mwalimu kwa mara ya arobaini, ameinamia ramani aliyoitandaza kwenye meza ya kukatia vitambaa. "Ukiwa na gari unasimama unapotaka."

"Treni ina choo," alisema Fundi. "Sina haja ya kusimama."

"Treni inakuacha, mama."

"Inamwacha aliyechelewa. Na ndani kuna meza, kuna dirisha kubwa, mtu anatupeleka, sisi tunakula biskuti."

"Mtu gani? Unamjua? Umeona leseni yake?"

Fundi akatoa silaha aliyokuwa ameiweka akiba. "Halafu huko wanaendesha upande mwingine wa barabara. Utatuua, baba."

Uso wa Mwalimu ukang'aa. Kumbe hoja hiyo alikuwa akiingoja kwa hamu. "Hapo hapo! Huko usukani uko upande gani? Si upande wangu? Miaka ishirini na nane nimekaa upande huo huo! Wageni wengine watapata shida, mimi nitakuwa nimefika nyumbani."

Kisha akashusha sauti. "Mke wangu, nimeendeshwa na watu elfu mbili wasiojua kuendesha. Nataka siku kumi tu nishike usukani mwenyewe, barabara nzuri, bila mtu wa kumpigia kelele. Ni kosa?"

Haikuwa kosa, na hilo ndilo lililomkera Fundi. Ugomvi na mtu mwenye haki hauna raha. Lakini yeye pia alikuwa na lake. Ndani ya gari, gari lolote, mume wake alitoweka na mahali pake akaketi Mwalimu Breki, macho barabarani, mdomo ukisema "kioo, ishara, kioo". Siku ya harusi ya dada yake Fundi, alimshusha dereva wa bwana harusi akamfundisha kuegesha, maharusi wakiwa ndani. Walikuwa wamelea watoto watatu, na Fundi hakukumbuka mazungumzo yoyote yaliyofika mwisho kati ya mji na mji. Kwenye treni hakuna pedali ya kukanyaga. Alitaka apate mume kwa siku kumi, hakutaka zaidi ya hapo.

Tena alikuwa na siri. Zamani aliwahi kujifunza udereva kwa mumewe. Somo la kwanza, breki ya pili ilikanyagwa mara kumi na nne kabla hawajatoka getini. Somo la pili, aliteremka akarudi nyumbani kwa miguu. Miaka ikapita, kisha mwaka juzi akavuka barabara kimyakimya, akajiandikisha shule ya udereva iliyotazamana na nyumba yao, kwa mwalimu aliyeitwa Taratibu, mtu mpole aliyezungumza kana kwamba maneno yatamwishia. Mwalimu na Taratibu hawakuwa wakisalimiana, kwa ugomvi wa mabango ya shule zao, la nani lilimziba nani. Kwa hiyo kila Jumatano Fundi aliaga kwamba anakwenda kununua vitambaa, na ili uongo usimame, alirudi na vitambaa kweli. Siku anafaulu, alikuwa na vitambaa vya kuvalisha shule mbili, na leseni yake ikalazwa chini ya vifungo ndani ya kopo. Utamwambiaje mpishi kwamba miezi yote hii umekuwa ukila kwa jirani?

Jumatatu walikwenda kwa wakala, kwa kuwa Fundi alichoka kubisha akasema basi, iwe gari.

"Karibuni, wazee wangu," alisema binti wa wakala. "Gari ni rahisi. Naomba tu leseni ya dereva."

Mwalimu akafungua mfuko wa nguo, akatoa fremu. Leseni yake ilikuwa chini ya kioo, iliyokuwa imetundikwa ukutani ofisini kwake miaka minane ili wateja waione waingie na imani. Aliileta na fremu yake, na msumari wake. Binti akaigeuza kwenye mwanga, akaisogeza, akaisoma mara mbili.

"Mzee, hii muda wake uliisha miaka mitano iliyopita."

"Haiwezekani! Kibali changu nakilipia kila Januari!"

"Kibali cha kufundisha, sawa. Lakini hii ni leseni ya kuendesha."

Kila Januari alihuisha kile, na kila Jumamosi aliifuta hii vumbi. Miaka mitano aliwauliza watu leseni zao akiwa amekaa chini ya yake iliyokufa. Mganga hajigangi. Na kwa kuwa ilikuwa imepita zaidi ya miaka mitatu tangu iishe, sheria ilitaka afanye mtihani upya.

"Mtihani!" Mwalimu alicheka mpaka barabarani. "Mimi! Nifanye mtihani!"

Siku ya Alhamisi akaufanya. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani aliwapeleka na gari la kufundishia, kisha Fundi akaombwa aketi nyuma, wa kuleta bahati. Mtahini, ambaye alikuwa amewapima wanafunzi wa Mwalimu kwa mamia, alisimama nje na faili lake. Mwalimu akamsalimu, akafungua mlango, akaketi, akafunga mkanda, akaweka mikono magotini.

"Mwalimu," mtahini akainama dirishani, "tunamsubiri nani?"

"Mwanafunzi," alisema Mwalimu. Kisha akautazama usukani, ulioko upande wa pili, hauna mtu. Akafungua mkanda, akazunguka gari, akaketi kwenye usukani.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika. "Kioo!" alijiamuru kwa sauti. "Ishara! Unangoja nini?" Kwenye makutano alijikaripia mpaka akajishtua, gari likazimika. Mara mbili alimgombeza mtahini kwa kuandika badala ya kuangalia barabara. Na alipotakiwa kurudi nyuma katikati ya koni, alitupa macho kwenye kioo alichokizoea, kile cha upande wa abiria, akalaza koni tatu. Koni zenyewe alizitoa yeye mwenyewe kwa uwanja ule, kama msaada.

"Mzee wangu," alisema mtahini kwa sauti ya msibani, "rudi baada ya siku thelathini."

Ndege ilikuwa baada ya siku kumi na mbili.

Walirudi kwa teksi, gari wakamwachia yule mwanafunzi alirudishe. Dereva alikata kona bila ishara, akapita karibu kabisa na baiskeli, na Mwalimu hakutamka kitu. Hapo ndipo Fundi alipoogopa.

Nyumbani, Mwalimu aliikunja ramani vizuri, pembe kwa pembe. "Basi treni," alisema. "Umeshinda, mama."

Fundi alikuwa ameyapigania maneno hayo wiki nzima, na sasa yalimuuma. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua, na siti ya dirishani ilikuwa yake tayari. Akamtazama mzee wake alivyojikunyata, akaenda kulimimina kopo la vifungo, akaiweka leseni mbele yake juu ya ramani.

Mwalimu akaisoma mbele, akaisoma nyuma. "Yako?"

"Yangu."

"Hai?"

"Hai. Kwa hiyo gari linapatikana. Andikisha jina langu, wewe utanionyesha njia."

"Nani kakufundisha?"

Fundi akavuta pumzi. "Taratibu."

Mwalimu akainuka, akaenda dirishani, akalitazama bango la Taratibu, ng'ambo ya barabara. "Vile vitambaa vya Jumatano," alisema hatimaye.

"Ndivyo."

"Nami nilidhani biashara inakua."

"Nisamehe, baba. Nilitaka kukuambia, nikaogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa mguu wako."

Alitaka kukasirika, ilionekana wazi kwamba alitaka, lakini kicheko kilimtoka, na nyuma ya kicheko macho yakamlowa. Akarudi kuketi.

"Hapana," alisema. "Tusichukue gari. Nikikaa karibu na mtu anayeendesha, sijui kuwa mume wa mtu. Leo nimejisikia mwenyewe, mama, ninavyopiga kelele. Nimejisikia mpaka nikajichukia. Na wewe umevumilia miaka yote hii. Ndiyo maana ulitaka treni. Ulikuwa unanikimbia."

"Nikukimbie niende wapi? Nilitaka nikupate."

Mwalimu akachukua simu, akampigia binti wa wakala. "Treni," alisema. "Siti mbili zinazotazamana. Mbali na dereva, tafadhali, mbali kabisa." Akakata simu, akabaki akiigeuzageuza leseni ya mkewe.

"Tukirudi nitarudia mtihani," alisema. "Nitahitaji mwalimu."

"Wako wengi mjini."

"Nakuomba wewe."

Miaka thelathini na moja ya ndoa, Fundi hakuwahi kumsikia mume wake akiomba kufundishwa kitu chochote.

"Sema tena," alimwambia.

Akasema tena.